Uvimbe Sio Ugonjwa

Mtoto akichomwa na mwiba Ijumaa, Jumapili kwenye Misa utamwona anachechemea: mguu umevimba, una moto, unauma. Wazazi wengi hudhani uvimbe ndio ugonjwa, wakakimbilia duka la dawa kutafuta kitu cha kuushusha. Nionavyo mimi, hapo ndipo tunapokosea.

Mwiba unapoingia na vijidudu, chembe zilizojeruhiwa hutoa kemikali. Huo ndio mwito. Mishipa midogo ya damu iliyo karibu hutanuka, na ukuta wake wa ndani hunata. Chembe nyeupe za damu zilizokuwa zikipita hunasa hapo, hujipenyeza nje ya mshipa, kisha hutambaa kuelekea mahali kemikali ilipo kali zaidi, kama sisimizi wanavyofuata harufu ya sukari hadi kabatini. Zinazotangulia huita nyingine. Nyingi hufia hapo hapo, na usaha tunaouchukia kwa sehemu kubwa ni mizoga ya chembe hizo.

Mwaka 1882, huko Messina, Italia, mtaalamu Élie Metchnikoff alichoma miiba ya waridi katika watoto wa kiti cha pweza, yule kiumbe wa baharini. Kesho yake alikuta chembe zimeuzunguka mwiba. Mwaka 1908 alipewa Tuzo ya Nobel pamoja na Paul Ehrlich kwa kazi yao juu ya kinga ya mwili.

Sasa, vidonge vya prednisoloni au deksamethasoni tunavyouziwa vya "kutoa uvimbe" hufanya nini? Huunyamazisha mwito. Chembe nyeupe hubaki zikizunguka ndani ya damu, hazishuki zinakohitajiwa. Mguu unanywea, mama anafurahi (na mwenye duka pia), kumbe vijidudu vimeachiwa uwanja.

Siisemi vibaya dawa yenyewe. Daktari akiiandika kwa ajili ya pumu ni msaada mkubwa, na aliyeitumia kwa muda mrefu asiiache ghafla bila kumwuliza. Ninachopinga ni kuinunua bila cheti, kwa kuambiwa na jirani.

Mwiba uliochomoza utolewe, mguu uoshwe kwa maji safi na sabuni. Uvimbe ukizidi kupanda, mtoto akipata homa, au ukiona michirizi inayoelekea juu, mpeleke zahanati siku hiyo hiyo. Na ukifika huko, uliza pia kuhusu chanjo ya pepopunda.