Umoja wa Kanisa la Kwanza Haukuwa Ukimya

Umoja ni nguvu, utengano ni udhaifu. Methali hii kila mwanafunzi wa Kiswahili anaijua, na wahubiri wetu wanaipenda sana. Wakishaitaja, hufungua Matendo ya Mitume, sura ya 2 na ya 4, wakatuonyesha waumini wa Yerusalemu waliouza mashamba na nyumba, wakagawana walichonacho na kumega mkate pamoja. Kisha huja fundisho: kanisa lile lilikuwa na umoja kwa sababu hapakuwa na mlalamikaji, basi nanyi msilalamike. Mimi napinga fundisho hilo. Anayelitoa ameacha kusoma mapema mno.

Angeendelea hadi sura ya 6 angekuta manung'uniko. Wayahudi waliosema Kigiriki waliwalalamikia wenzao waliosema Kiebrania kwamba wajane wao walikuwa wakisahauliwa katika mgawo wa chakula wa kila siku. Tazameni mambo matatu hapo: lugha, chakula, na watu wasio na mtetezi. Je, mitume walifanya nini? Hawakuwaambia walalamikaji kwamba wana roho ya mgawanyiko. Hawakuwaagiza wafunge na kuomba mpaka njaa iwatoke. Waliita mkutano wa waumini wote, wakataka wachaguliwe watu saba wenye sifa njema wa kusimamia mgawo. Wakachaguliwa Stefano, Filipo, Prokoro, Nikanori, Timoni, Parmena na Nikolao. Majina yote saba ni ya Kigiriki. Inaelekea kwamba mgawo ulikabidhiwa upande uleule uliolalamika! Na kanisa halikuvunjika. Kitabu chenyewe kinaeleza kwamba baada ya hapo idadi ya wanafunzi mjini Yerusalemu ilizidi kuongezeka.

Kuna watakaonijibu kwamba hicho kilikuwa kisa kimoja tu. Sivyo. Huko Antiokia Petro alikuwa akila na watu wa Mataifa. Walipofika watu kutoka kwa Yakobo akajitenga, naye Paulo akampinga mbele ya wote, kama anavyosimulia mwenyewe katika Wagalatia 2. Huko Korintho waumini wengine walitangulia kula, hata mmoja akawa amelewa na mwenzake ana njaa. Paulo alikataa kabisa kwamba mlo wa namna hiyo ni Chakula cha Bwana. Lakini Paulo huyohuyo alizichangisha jumuiya za Makedonia na Akaya kwa ajili ya maskini wa Yerusalemu. Aliyekemea ndiye aliyechangisha.

Sikatai kwamba yako malalamiko ya fitina. Korintho hiyohiyo watu walijigawa, huyu wa Paulo, huyu wa Apolo, huyu wa Kefa, na Paulo akawakaripia. Lakini hao waligombania majina ya viongozi. Wajane wa Yerusalemu walikuwa wakikosa chakula. Mwalimu au mhubiri anayeyaweka mambo haya mawili katika kapu moja anawasaidia walioshiba.

Kwa nini nayasema haya kwa ukali? Katika ushirika mmoja wa wanafunzi ninaoufahamu, msaada wa chakula hutangazwa kwa Kiingereza peke yake. Wenzetu waliotoka Kongo, ambao Kiingereza bado kinawapa taabu, hupata habari mgawo ukiwa umekwisha. Muhula uliopita niliuliza kwa nini tangazo lisitolewe na kwa Kiswahili pia. Nikajibiwa kwamba naleta ubaguzi na kuharibu umoja. Wiki iliyofuata tukaimba tena kwamba sisi sote ni ndugu, na wenzetu wale wakaimba pamoja nasi, kisha wakarudi vyumbani mikono mitupu.

Wahenga walisema penye wengi pana mengi. Waumini wa kwanza walikuwa wengi, wa lugha mbalimbali, na walikuwa na mengi. Ushirika wao ulidumu kwa sababu aliyesahauliwa aliweza kusema, na aliposema mgawo ulirekebishwa. Kwa hiyo nawaomba viongozi wa ushirika, kabla ya kutuhubiria tena sura ya 2, wasome hadi sura ya 6. Halafu tangazo la mgawo ujao walitoe kwa lugha zote mbili, na mmoja wa wenzetu wa Kongo awemo miongoni mwa wanaogawa.