Miti Mikubwa Yataka Fundi

Kila mwaka tarehe 5 Juni, Siku ya Mazingira Duniani, sisi wanafunzi twachukua majembe na madumu ya maji, twaenda kupanda miche. Ni kazi njema, wala siibezi. Lakini kwa maoni yangu twajua sana kupanda mti, na kuutunza ukishakuwa mzee hatujui. Mche husomewa hotuba. Mwembe wa miaka sitini hupelekewa shoka. Jambo hili ni baya, hasa katika mji wetu.

Watu wote waijua Mwanza kuwa ni mji wa mawe. Nyumba za Isamilo, Bugando, Igogo na Mabatini zimejengwa mabegani mwa vilima, katikati ya majabali. Udongo juu ya majabali hayo ni haba. Mwembe au mkuyu uliomea hapo umepenyeza mizizi yake katika nyufa kwa miaka mingi, nao ndio ushikao udongo mvua inapoporomoka. Ukiondolewa, udongo huteremka mpaka Mto Mirongo, na Mirongo hauna pa kuupeleka ila Ziwa Victoria, tunakochota maji ya kunywa. Miche 10 haiwezi kufanya kazi hiyo kesho, wala mwaka kesho.

Wako wasemao, "Mti mkubwa ni hatari, utaangukia bati." Neno hilo si la uongo. Dhoruba za ziwa hili hutokea sana usiku na alfajiri, watu wakiwa wamelala. Lakini yafaa tuulize ni nani aufanyaye mti kuwa hatari. Mtaani kwetu jirani mmoja aliuogopa mwembe wake, akamwita kijana mwenye panga na kamba, naye akaukata kichwa chote ukabaki kama nguzo. Watu wakamsifu. Baada ya miaka michache ukachipua matawi marefu yaliyosongamana kama fito, na siku ya upepo moja likakatika, likavunja paa la jiko. Si uchawi. Tawi lichipualo namna hiyo hushikamana na sehemu ya nje tu ya kigogo; na pale palipokatwa, kuvu huingia na mti huoza ndani.

Mtaalamu mmoja wa misitu wa Marekani, Alex Shigo, aliyefariki mwaka 2006, alipasua maelfu ya miti kwa msumeno ili aone ndani yake. Akaonyesha kwamba kidonda cha mti hakiponi kama cha ngozi yetu. Mti huizungushia ukuta sehemu iliyoharibika, kisha ukaendelea kukua nje yake. Kwa hiyo mkato mbaya hukaa na mti maisha yake yote.

Basi fundi hufanyaje? Pale tawi liungapo na shina pana uvimbe mdogo kama kola ya shati, na hapo ndipo mti ujengapo ukuta wake. Fundi hukata nje ya uvimbe huo; haachi kisiki kirefu, wala haingii ndani ya shina. Tawi zito hulikata kwanza kwa chini, kisha kwa juu mbele kidogo, lisije likachuna gome. Hapaki kidonda rangi wala lami, maana hazizuii kuoza. Tena hutazama chini. Sehemu kubwa ya mizizi imo katika mita 1 ya juu ya udongo, nayo huenea kupita kivuli cha matawi. Amwagaye saruji mpaka shinani, au akataye mizizi ili achimbe msingi, ameuangusha mti huo, ila siku yake haijafika.

Wengine watasema kwamba fundi ni ghali. Lakini hakuna mzazi amwitaye mpita njia kumtandikia nyaya za umeme nyumbani kwa sababu ni rahisi. Tena sisemi kila mti uachwe. Mti wenye uyoga shinani, au wenye ufa mpya, au ulioanza kuinama huku udongo ukiinuka upande wa pili, usingojewe. Ninachosema ni kwamba hukumu hiyo itolewe na mtu ajuaye. Nchi yetu inao watu hao. Wasomeshwa katika Chuo cha Misitu cha Olmotonyi, Arusha, na katika Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, Morogoro.

Nimeandika haya kwa kuwa yasemwa kwamba miembe iliyo karibu na mabweni yetu ikatwe yote kabla ya mvua za vuli. Naomba kwa adabu mambo matatu. Kwanza, aitwe Afisa Misitu aikague mwezi wa Septemba, mti mmoja mmoja. Pili, kila mti upewe nambari, na sisi wanafunzi tuwe na daftari la kuandika hali yake kila muhula. Tatu, utakaoonekana mbovu ukatwe, na mzima upogolewe na mtu aliyejifunza kazi hiyo. Kuukata mti ni kazi ya asubuhi moja. Kuurudisha hakuna miongoni mwetu, walimu kwa wanafunzi, atakayekuwapo shuleni hapa kukuona.