Mgongo wa Mwanasarakasi na Mgongo Wako

Ndugu mfanyakazi, umekwisha kuona sarakasi? Kijana anasimama juu ya mabega ya mwenzake, anaruka, anajigeuza hewani, anashuka kwa miguu miwili. Watoto wanapiga makofi. Sisi watu wa usalama tunatazama magoti yake.

Huko Montréal, Kanada, iko shule kubwa ya sarakasi iliyoanzishwa mwaka 1981, nayo ina watafiti wake. Katika utafiti wa namna hii, vidude vidogo vya mviringo vinavyong'aa hubandikwa mabegani, kiunoni, magotini na vifundoni. Kamera nyingi humzunguka mtu na kufuata kila kidude, mara mia na zaidi kwa sekunde moja. Kompyuta inaunganisha alama hizo, mpaka unaona kama mifupa inayotembea. Chini ya miguu, kibao kinapima nguvu ya kutua. Hapo mwalimu anaona jambo ambalo jicho halikamati: goti limeingia ndani kidogo, mgongo umejikunja mapema. Anayetua vibaya leo pengine haumii leo. Ataumia akisha kutua mara elfu.

Ndivyo ulivyo mgongo wa mtu wa mgodi. Tunaandika ajali ya jiwe, ya gari, ya umeme. Mgongo hauna siku ya ajali. Fundi anainama miaka 15 juu ya pampu iliyolazwa chini, kisha asubuhi moja anaokota kiatu na hawezi kusimama. Munganga anamwuliza aliumia siku gani, naye hana la kujibu. Mke wake alijua zamani, maana alimwona akishuka kitandani kwa upande.

Kwa hiyo nasema kipimo hicho kije Kolwezi, kwenye karakana na mgodini. Wala kupima mwili si jambo la Ulaya peke yake. Mwaka 1986 watafiti walitangaza walichopima kwa wanawake wa Kenya, Waluo na Wakikuyu: mama aliyezoea kubeba mizigo aliweza kubeba mpaka sehemu moja ya tano ya uzito wake bila kutumia hewa zaidi kuliko akitembea mikono mitupu. Kwa mama wa kilo 60, ni kilo 12. Akizidisha hapo, mwili ulianza kulipa. Mpaka huo haukuonekana kwa macho.

Lakini iko hofu, na hofu hiyo ina haki. Mwaka 1911 wafanyakazi wa kiwanda cha silaha cha Watertown, Marekani, waligoma kwa sababu wakubwa walileta saa ya kupima kazi ya mikono yao. Waliona inakuja kuwaharakisha. Miaka ile ile Frank Gilbreth, aliyekuwa mwashi, alihesabu matendo 18 kwa kila tofali moja, akayapunguza mpaka 5 hivi. Jambo moja alilofanya ni kuinua tofali zifike kiunoni, mwashi asiiname. Huyo ndiye wa kufuata, katika jambo hilo la tofali.

Basi kamera ikiletwa kazini kwenu, kapita asikwambie ni siri ya ofisi. Picha yako uione wewe kwanza, pamoja na munganga. Ikionyesha mgongo unateseka, ibadilishwe meza, au uzito wa mfuko, au idadi ya watu wanaobeba. Jina lako lisiguswe. Mwanasarakasi mwenye goti baya hufundishwa kutua upya.

Na wakati tunangoja, ile pampu ipandisheni mezani. Watu wawili, si mmoja.