Setelaiti yaona kijani Kakamega, lakini si kila kijani ni msitu

SERIKALI ya Kenya imejifunga kibwebwe kuhakikisha kuwa asilimia 30 ya nchi imefunikwa na miti ifikapo mwaka 2032. Ufanisi wa mpango huo, uliozinduliwa Desemba 2022 kwa ahadi ya kupanda miti bilioni 15, utapimwa kwa kiasi kikubwa kutoka angani. Ndiposa swali kuhusu kile hasa kinachohesabiwa na setelaiti haliwezi kuachiwa wanasayansi pekee. Msitu wa Kakamega una jibu lake.

Msitu huo ndio mabaki makuu nchini Kenya ya misitu ya mvua inayofanana na ile ya Kongo. Eneo lililotengwa kisheria ni takriban kilomita mraba 240, lakini miti ya kiasili imesalia katika sehemu tu ya eneo hilo. Kwingineko ni nyasi, vichaka, chai na miti ya kupandwa.

Historia ya mabadiliko hayo inajulikana kwa sababu ilipigwa picha. Watafiti wa mradi wa BIOTA, uliofadhiliwa na serikali ya Ujerumani kuanzia mwaka 2001, walilinganisha picha za setelaiti za Landsat za tangu 1972 na zile zilizopigwa kwa ndege miongo miwili kabla. Walionyesha jinsi msitu ulivyopungua na kukatika vipande, huku Kisere na Malava vikibaki kama visiwa katikati ya mashamba.

Umuhimu wa ushahidi huo hauhitaji kusisitizwa. Faili ya ofisini inaweza kupotea. Picha iliyopigwa na kuhifadhiwa haibadiliki. Isitoshe, tangu 2008 hazina yote ya Landsat hutolewa bila malipo, na mwanafunzi yeyote mwenye kompyuta anaweza kuikagua kauli ya mkubwa.

Hata hivyo, jicho la angani lina upofu wake. Kwanza, Kakamega ni eneo la mvua nyingi na mawingu huziba picha mara kwa mara. Pili, nukta moja ya picha ya Landsat huchukua mita 30 kwa 30. Setelaiti za Ulaya za Sentinel-2, ya kwanza ikirushwa 2015, zimepunguza kipimo hicho hadi mita 10, lakini mwizi anayeangusha mti mmoja wa mbao na kuacha majirani zake wamesimama bado anaweza kuponyoka. Anayebambua gome la mti wa dawa haonekani kabisa hadi mti ukauke.

Tatu, na hili ndilo zito zaidi, kijani hakina jina. Kwa ufafanuzi unaotumiwa na Kenya, msitu ni eneo la angalau nusu hektari, lenye miti ya urefu wa kuanzia mita mbili, ambayo matawi yake yamefunika asilimia 15 ya ardhi. Kichaka cha mipera kilichoota palipofyekwa kinaweza kutimiza masharti hayo. Shamba la mikaratusi pia. Mbega na ndege wa msitu mkongwe hawawezi kuhamia humo kwa sababu tu takwimu zimepanda.

Tathmini ya kitaifa ya 2021 ilisema miti imefunika asilimia 12.13 ya nchi, na misitu asilimia 8.83. Tofauti kati ya nambari hizo mbili yapasa kuwa onyo. Afisa anayepimwa kwa asilimia ana kila sababu ya kupanda mti unaokua haraka, na sababu chache za kulinda ule uliochukua karne nzima kukomaa.

Dawa si kuitupa setelaiti, bali kuipa miguu. Ramani iitenge miti ya kiasili na ile ya kupandwa, na takwimu zake zitangazwe kando. Walinzi wahesabu visiki msituni, jambo ambalo watafiti wamelifanya Kakamega kwa miguu yao. Na vyama vya wakazi, vinavyotambuliwa na sheria ya misitu ya 2016, vipewe ramani hizo mkononi, kwani ndio wanaojua njia anayopitia mkata miti usiku.

La sivyo, huenda mwaka 2032 ukafika taifa likishangilia asilimia 30, ilhali Kakamega ni kijani kwa juu na tupu kwa ndani.