Aliaye Haikani Imani
Msibani kwetu hakosekani mtu wa kumwambia mfiwa, “Jikaze, usilie, kazi ya Mungu haina makosa.” Naomba tuache. Yesu mwenyewe alilia akienda kaburini kwa Lazaro, na alijua kabisa kwamba muda si mrefu angemwita atoke. Tumaini la Mkristo halimkaushi mtu machozi kwa amri. Humkalia karibu mpaka aweze kuinua kichwa. Horatio Spafford, mwanasheria wa Chicago, alifiwa na mabinti zake wanne usiku mmoja, Novemba 1873, meli ya Ville du Havre ilipogongana na nyingine katika Atlantiki. Mkewe, Anna, alinusurika, akatuma telegramu kwamba ameokoka peke yake. Katika msiba huohuo Spafford akatunga wimbo ambao makanisani kwetu tunaujua kama Ni Salama Rohoni Mwangu. Nimewaona wajane wakiuimba matangani, kanga imeziba mdomo, besi na teno za kwaya zikiwabeba pale sauti inapokatika. Hawajamsahau waliyemzika mchana ule. Wanaamini watamwona tena, na ndiyo maana ubeti wa mwisho ukiisha huomba urudiwe.