Embu Iliyohamia Brazili



Vijana wetu wa siku hizi wanazitafuta nasaba zao mtandaoni, nasi tunalifurahia jambo hilo, kwani nasaba ni mlango wa mirathi na wa kuunga udugu. Lakini wengi hutuletea karatasi walizochapa, na ndani yake mna mambo ya ajabu. Juzi tulionyeshwa moja yenye babu aliyezaliwa Embu, na pembeni faharasa ikaongeza: São Paulo, Brazili. Mzee huyo, kwa mujibu wa jamaa zake, hakupata kupanda hata jahazi.

Chanzo chake ni hiki. Waraka wa asili uliandika "Embu" tu, basi. Kompyuta iliyopewa kazi ya kupanga majina ikatazama orodha yake ya miji ya ulimwengu, ikauokota mji ulioko jirani na São Paulo, ambao leo huitwa Embu das Artes na zamani uliitwa Embu. Meru nayo ina majina mwenzake: iko Meru ya Arusha, na iko Méru ya Ufaransa.

Kosa la namna hiyo halidhuru sana, maana kila mwenye akili hulicheka. Linalotutia hofu ni lile lisilochekesha. Majengo iko Meru, iko Embu, iko Mombasa, na iko katika miji mingine mingi ya Kenya. Na nasaba za Waislamu wa bara zimejaa jina hilo, kwa kuwa ndiko walikokaa wazee wengi. Faharasa ikiandika "Majengo, Mombasa" badala ya Majengo ya Embu, nani atashtuka? Hapo watu wawili wenye jina moja na baba wenye jina moja hugeuka mtu mmoja, na warithi wa huyu wakaingia katika mali ya yule.

Tena iko mipaka ya serikali. Aliyezaliwa Chuka mwaka 1950 ameandikwa wilaya ya Meru, na ni sahihi, ijapokuwa Chuka ya leo imo kaunti ya Tharaka-Nithi. Siakago ilikuwa Embu, ikawa ya wilaya ya Mbeere mwaka 1996, kisha baada ya katiba ya 2010 ikarudi Embu kwa jina la kaunti. Mwenye pupa ya kusahihisha huharibu palipokuwa pazima.

Na wageni wa kale waliandika kadiri masikio yao yalivyosikia. Mmarekani Chanler, aliyetoka Lamu na msafara wake mwaka 1892 akaufuata mto Tana hadi milima ya Nyambene, aliandika "Daitcho" na "Embe". Hiyo Embe ni Igembe, nayo ni Meru. Atakayeisoma haraka ataifanya Embu. (Wameru wenyewe husimulia kwamba asili yao ni kisiwa cha Mbwaa, na wako wataalamu wanaokitafuta Mbwaa hicho huku kwetu, Manda. Tutalizungumza siku nyingine, inshaallah.)

Kwa hiyo faharasa ikuonyeshe njia tu. Fungua picha ya waraka wenyewe. Nakili jina la mahali kama lilivyoandikwa, herufi kwa herufi, hata kama limekosewa. Chini yake andika wilaya ya mwaka ule, kisha kaunti ya leo. Usifute la kwanza kwa ajili ya la tatu. Tovuti ikiruhusu masahihisho, yapeleke pamoja na ushahidi, ili jamaa wa mbali asipotee pale pale.

Kisha waulize wazee wangali hai: marehemu alisali msikiti gani, alikuwa jirani ya nani, alizikwa wapi. Na jambo likifika Mahakama ya Kadhi, chukueni nakala ya waraka na watu wanaomjua marehemu. Karatasi ya faharasa iacheni nyumbani.