GEORGE DANDIN ALIOA NANI?



Kuna maneno mengi katika makalasi juu ya muchezo wa Molière, «George Dandin», ambao wakubwa wa kalasi ya 6 wanataka kucheza. Wamoja wanasema: muchezo wa mume na muke wanaogombana, na mwisho muke njo anashinda, hauna nafasi mbele ya wazazi na wachungaji. Wengine wanakubali, lakini wanaomba kurasa mbili za sehemu ya pili zikatwe. Mimi nasema uchezwe, na zile kurasa mbili zisiguswe.

Kwa wale hawajausoma: Dandin ni mulimaji mwenye feza nyingi. Anaoa Angélique, binti wa Bwana na Bibi de Sotenville, watu wa ukoo mukubwa lakini mifuko yao imetoboka. Feza ya Dandin inaziba matundu. Yeye anapata nini? Jina refu: sasa anaitwa Bwana de la Dandinière. Akimwita mama mukwe «mama mukwe», anagombezwa. Akisema «muke wangu», anagombezwa tena, eti binti wa ukoo kama ule haitwi vile na mutu kama yeye. Sisi tunaojua ginsi mutu anavyochunga ulimi mbele ya wakwe, hapa tunacheka kuliko Wafaransa wenyewe.

Sasa kijana wa cheo, Clitandre, anamutafuta Angélique. Mujumbe wake Lubin anamweleza Dandin siri yote, bila kujua kama mume njo huyu. (Redio ya barabara haikuanza kwetu.) Mara tatu Dandin anakimbia kushitaki kwa wakwe, mara tatu anasema kweli, na mara tatu anarudi na haya. Kwanza anaomba samahani, kofia mukononi, mbele ya yule anayemwibia muke. Kisha anapigwa fimbo na muke anayejifanya anapiga Clitandre. Mwisho, usiku, anamufungia Angélique inje. Angélique anajifanya amejiua kwa kisu, Dandin anatoka na mushumaa kuangalia, na muke anaingia polepole na kufunga mulango. Wazazi wanafika: nani yuko inje usiku? Dandin! Mulevi! Wanamupigisha magoti. Muchezo unaisha naye akisema haimubakilii kitu paka kujitupa katika maji.

Watu walicheka sana tangu siku ya kwanza, tarehe 18 Julai 1668, huko Versailles, kwa karamu ya mufalme Louis XIV. Molière mwenyewe alikuwa Dandin. Wakubwa wa mufalme walicheka mulimaji aliyetaka kupanda. Je, na sisi, watoto wa walimaji, tunacheka nani?

Hapa njo tunafika kwa zile kurasa mbili. Dandin anamukumbusha muke ahadi ya ndoa. Angélique anamuuliza: mbele ya kunioa, uliniuliza mimi kama nakutaka? Ulisema na baba na mama tu. Basi wao njo walikuoa, kawashitakie wao. Dandin hana jibu, anasema tu kwamba yeye ni mume.

Sisemi Angélique ni mutu mwema. Anadanganya toka mwanzo mpaka mwisho, na anamutesa mutu ambaye hakumupiga hata kofi. Lakini katika ile ulizo hamuna uongo. Tena mutazame vizuri Dandin: toka neno la kwanza analia kwamba alikosea. Alikosea nini? Anasema alioa juu ya cheo chake. Hata mara moja hasemi alikosea kwa kuwa hakumuuliza binti.

Kwetu ni namna gani? Wazee wanaketi, wanahesabu ngombe, mbuzi, feza, vitenge vya mama. Binti yuko jikoni, analetea wageni chai. Sheria ya jamaa ya inchi yetu, ya mwaka 1987, inaomba kila mumoja akubali yeye mwenyewe, na tangu mwaka 2016 miaka ni 18 kwa kijana na kwa binti pia. Karatasi iko. Lakini nani hapa hajui binti aliyeenda likizo, na masomo ilipoanza tena kiti chake kikabaki wazi? Nani alimuuliza?

Wanasema wazazi watakasirika. Inawezekana. Bwana na Bibi de Sotenville ni bibi na bwana pekee katika muchezo wanaopatana: wanasema kwa kinywa kimoja, wanashangilia mababu kwa kinywa kimoja, na kupatana kwao njo kunaharibu nyumba ya watoto. Muzazi akikasirika kwa kuona ile, tutazungumza naye kisha muchezo.

Neno moja kwa wanaopanga. Nasikia Angélique atachezwa na kijana mwanaume amefunga kitenge, «kusudi batu bacheke». Basi hapana lazima ya kukata kurasa, zitakuwa zimekufa zenyewe. Kijana akiuliza ile ulizo kwa sauti ya kuigiza, kila mutu atacheka na kwenda kulala. Binti aiseme, kwa sauti yake, bila mbio. Wawili wa kalasi ya 5 wamekwisha kushika yale maneno kwa kichwa.

Mwanafunzi wa kalasi ya 5